Wenye bunduki waliitwa, wenye ngao hawakuitwa: kisa cha michoro ya Rorke's Drift

Vita vya Waingereza na Wazulu vya mwaka 1879 vilipokwisha, Malkia Victoria alitaka achorewe picha kubwa ya tukio la vita hivyo. Kazi alipewa Elizabeth Thompson, mke wa Meja William Butler, ambaye leo anajulikana zaidi kwa jina la Lady Butler. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuchora kupatikana kwa maiti ya Napoléon Eugène, mwana wa mfalme aliyepinduliwa wa Ufaransa, ambaye Wazulu walimuua tarehe 1 Juni 1879 akiwa na jeshi la Uingereza. Malkia alikubali, kisha akabadili nia. Ndipo likaja pendekezo la pili: ulinzi wa kituo cha Rorke's Drift, ambacho Wazulu walikishambulia Januari 1879. Picha ilikamilika 1880, ikaonyeshwa Royal Academy mjini London mwaka 1881, na mpaka leo iko katika hazina ya picha za kifalme.

Mengi yameandikwa kuhusu picha yenyewe. Mimi nataka tuangalie kazi iliyoitangulia: michoro ya awali, ile ya penseli na rangi za maji, ambayo mchoraji huifanya akiwa na mtu hai mbele yake kabla hajagusa turubai. Wachoraji wa vita wa zama za Victoria waliitegemea mno, na Lady Butler kuliko karibu wote. Alisifiwa kwa ukweli wa vifungo, mikanda na mikunjo ya makoti. Dai langu ni kwamba njia yake ilikuwa nzuri sana, na kwamba kosa la picha hii halikutokana na uzembe wa mkono wake. Lilitokana na nani aliitwa kusimama mbele yake na nani hakuitwa.

Mwanamke aliyekusanya ushahidi

Elizabeth Thompson alizaliwa Lausanne, Uswisi, mwaka 1846. Alisoma uchoraji South Kensington, London, kisha Florence. Hakuwahi kuona vita kwa macho yake, na alilijua pengo hilo. Kwa hiyo alilijaza kwa bidii ya mpelelezi.

Mwaka 1874 alionyesha picha ya askari wa Grenadier Guards wakiitwa majina baada ya mapigano ya Crimea. Askari wamepanga mstari kwenye theluji, makoti mazito mwilini, kofia ndefu za manyoya kichwani. Mmoja ameanguka kifudifudi na mwenzake amemwinamia kuona kama bado yu hai. Ofisa yuko juu ya farasi, sajenti ana daftari mkononi. Kwa picha hiyo aliwatafuta watu waliokuwa Crimea kweli, akawaweka wasimame, akawachora mmoja mmoja. Sare za zamani alizitafuta mpaka kwenye duka la vitu vya rehani huko Chelsea. Aliyeiagiza picha, tajiri wa Manchester aitwaye Charles Galloway, walikuwa wamepatana naye pauni 100. Ilipotundikwa Royal Academy, watu walifurika hadi polisi akawekwa pale kuwazuia. Malkia aliitaka, na Galloway akamwachia.

Mwaka uliofuata alionyesha picha ya Kikosi cha 28 cha Uingereza katika mapigano ya Quatre Bras dhidi ya Wafaransa mwaka 1815, na hapa ndipo utaona jinsi alivyofanya kazi. Jeshi lilimpangia askari 300 wa kikosi cha wahandisi huko Chatham. Wakajipanga mraba, safu ya mbele imepiga goti, wakafyatua bunduki mbele yake ili aone moshi unavyokaa na nyuso zinavyobadilika. Mapigano yale yalifanyika ndani ya shamba la shayiri nyeusi iliyorefuka. Basi alikwenda Henley-on-Thames, akapata kipande cha shamba la nafaka hiyo hiyo, akawaambia watoto waikanyage, kisha akachora mabua yaliyolala. Mhakiki John Ruskin, ambaye kwa kauli yake mwenyewe aliingia kuitazama picha akiamini kwamba mwanamke hawezi kuchora, alikiri hadharani kuwa alikosea.

Nasimama kwenye shamba hilo kwa makusudi. Mchoraji mwingine angechora majani ya kufikirika, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alitaka aone kwa macho yake jinsi bua lililokanyagwa linavyolala. Hicho ndicho kipimo alichojiwekea, na mimi nakipima kisa hiki kwa kipimo hicho hicho, wala si kwa kipimo cha leo.

Yaliyotokea mtoni

Rorke's Drift kilikuwa kituo cha misheni kwenye kivuko cha mto Mzinyathi, ambao Waingereza waliuita Buffalo, mpakani mwa koloni la Natal na nchi ya Wazulu. Jeshi la Uingereza lilivuka mpaka tarehe 11 Januari 1879, baada ya Mfalme Cetshwayo kupewa masharti ambayo hakuna mfalme angeyakubali, likiwemo la kuvunja mfumo mzima wa jeshi lake. Aliyesukuma masharti hayo alikuwa Sir Bartle Frere, mwakilishi mkuu wa Uingereza huko Afrika Kusini. Watu wa Mombasa jina hilo wanalo mdomoni kila siku: Freretown ya Kisauni ni ya Frere huyu huyu, aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa. Mtu mmoja, na kumbukumbu mbili tofauti kabisa katika pwani moja ya bara.

Tarehe 22 Januari Wazulu walilivunja jeshi la Uingereza pale Isandlwana. Zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza waliuawa, wakiwemo Waafrika wengi waliokuwa wakiwatumikia. Sehemu ya jeshi la Wazulu iliyokuwa akiba, ambayo haikupata kupigana, iliendelea mbele ikiwa na Dabulamanzi kaMpande, ndugu wa mfalme, ingawa mfalme alikuwa amekataza wapiganaji wake kuvuka kuingia Natal. Walikuwa kati ya 3,000 na 4,000. Kituoni kulikuwa na watu wapatao 150, wengine wagonjwa, chini ya Luteni John Chard wa wahandisi na Luteni Gonville Bromhead wa Kikosi cha 24. Waliunganisha majengo mawili kwa ukuta wa magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti. Mapigano yalianza kama saa kumi na nusu alasiri, yakaendelea mpaka usiku wa manane na zaidi. Paa la nyasi la hospitali lilishika moto, na sehemu kubwa ya mapigano ya usiku ilifanyika kwa mwanga wake.

Watu 17 wa upande wa Waingereza walikufa. Maiti za Wazulu zilizohesabiwa kuzunguka kituo zilikuwa zaidi ya 350, na majeruhi wengi wa Kizulu waliuawa asubuhi baada ya vita kwisha. Walinzi 11 walitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Kwa serikali iliyokuwa na msiba wa Isandlwana mikononi, sherehe hii ilikuja wakati wake.

Portsmouth: kuchora kumbukumbu

Lady Butler hakwenda Afrika Kusini. Alikwenda Portsmouth, ambako palikuwa na askari wa Kikosi cha 24 waliorejea. Huko askari waliigiza mapigano upya kwa ajili yake, wakiwa na sare zile zile walizovaa vitani. Yeye akachora.

Fikiria kazi ya penseli hapo. Mtu amepiga goti nyuma ya gunia, bunduki ya Martini-Henry begani. Bunduki hii hupakiwa risasi moja moja: mkono wa kulia unashusha wenzo ulio chini, kasha tupu linaruka, mkono unakwenda kwenye mfuko wa risasi, unarudi. Mchoraji anayekaa nyumbani atachora askari mwenye bunduki. Aliyemtazama askari akipakia mara hamsini atajua kiwiko kinakwenda wapi, bega linashuka lini, na kwamba macho ya mtu huyo hayako kwenye bunduki kamwe. Hayo huwezi kuyapata kwa maelezo ya mdomo. Unayapata kwa michoro ya haraka mingi, mingine ya mkono peke yake, mingine ya goti na buti tu, na baadaye unachagua.

Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1922, alieleza kwamba picha ile aliijenga kwa macho ya askari wa kawaida, kwa kuwa mashahidi wake wakuu walikuwa wa vyeo vya chini, na kwamba kwa makusudi aliuweka kando mtazamo wake mwenyewe. Kwa zama zile hilo ni jambo kubwa. Picha za vita za karne zilizotangulia zilimtukuza jemadari juu ya farasi mweupe, na askari walikuwa mapambo ya chini. Lady Butler aliwapa askari nyuso. Namheshimu sana kwa hilo, na sitaki uchambuzi huu usomwe kama mashtaka dhidi yake.

Alieleza pia shida iliyomtesa zaidi: mwanga wa moto. Koti jekundu la askari wa Uingereza mchana linajulikana. Mbele ya paa linalowaka, rangi hugeuka. Wekundu hufifia kuelekea rangi ya chungwa, buluu nzito ya suruali hugeuka karibu nyeusi, na kivuli cha mtu mmoja hula uso wa mwingine. Michoro ya Portsmouth ya mchana ilimpa miili, lakini rangi ilibidi aipatie njia yake. Hapa ndipo mchoro wa awali unafika mwisho wa uwezo wake, na uzoefu wa mchoraji unaanza.

Lakini maigizo ya walionusurika yana kasoro zake. Kwanza, anayeigiza anajua kwamba alishinda. Uoga wa saa mbili usiku, ambapo hakuna aliyejua kama atafika asubuhi, hauigizwi kwa amri. Pili, shahidi huonyesha anachotaka kikumbukwe. Sidhani kama kuna aliyeigiza asubuhi ile na majeruhi waliolala nje ya ukuta. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapa ngoma iliwambwa na watu wa upande mmoja peke yao.

Tatu, kulikuwa na matakwa ya mwenye kuagiza. Picha ilitakiwa iwaonyeshe mashujaa waliotunukiwa nishani, na mchoraji alijitahidi kuwaweka wote wanaojulikana katika msongamano mmoja. Historia haikuwapanga hivyo. Askari kama Henry Hook na John Williams walikuwa ndani ya hospitali, wakitoboa kuta za vyumba ili kuwavuta wagonjwa kutoka chumba hadi chumba. James Dalton, ofisa wa ugavi, alipigwa risasi mapema. Kufikia wakati hospitali inawaka vizuri, walinzi walikuwa wamerudi nyuma ya safu ya masanduku ya biskuti. Kwa hiyo mtu mmoja mmoja ndani ya picha ni wa kweli, lakini saa inayoonyeshwa haikuwahi kuwepo. Kwa kasoro hii siwezi kumlaumu sana, maana turubai haina kurasa. Nyingine ndiyo nzito.

Mzulu wa maonyesho

Kwa upande wa pili wa ukuta wa magunia, Lady Butler alimpata mtu mmoja kutoka maonyesho ya London. Yeye mwenyewe anamtaja kwa namna inayoonyesha kuwa hakuwa na hakika naye: Mzulu wa namna fulani, hivi.

London ya wakati ule ilikuwa na maonyesho hayo. Mwaka 1879 huo huo, mfanyabiashara wa burudani aliyejiita Farini aliwaleta Wazulu kwenye ukumbi wa Royal Aquarium, Westminster, wacheze ngoma na kurusha mikuki mbele ya walionunua tiketi. Mtu aliyesimama mbele ya mchoraji akitokea mahali pa aina hiyo alikuwa ameshazoea kazi ya kumfurahisha Mwingereza kwa kuonekana wa kutisha. Mkao wake ulikuwa umeshapimwa na jukwaa.

Sasa rudi kwenye shamba la Henley. Mchoraji aliyetafuta nafaka halisi ili mabua yalale sawasawa alitosheka na mtu mmoja wa jukwaani kuwakilisha maelfu. Na wale maelfu walikuwa na habari zao. Waliofika Rorke's Drift hawakuwa vijana watupu wasiojulikana. Walikuwa na vikosi vyenye majina: uThulwana, uDloko, iNdlondlo, iNdluyengwe. uThulwana kilikuwa kikosi cha watu wazima, wengi wao wenye wake na watoto, wamevaa vichwani isicoco, pete ya heshima iliyosukwa kwenye nywele za mwanamume aliyeruhusiwa na mfalme kuoa. Cetshwayo mwenyewe alikuwa wa rika la kikosi hicho. Walikuwa wametembea na kukimbia tangu asubuhi na kuvuka mto, njaa tumboni. Mtu wa miaka arobaini na kitu, ndevu zina mvi, anayepanda ukuta wa magunia huku akipigwa risasi: uso wa mtu huyo ungekuwa mchoro wa awali ambao Lady Butler, kwa kipaji chake, angeufanya usisahaulike. Kwenye picha, Wazulu wako ukingoni, gizani, nusu mwili nusu kivuli, nyuma ya magunia.

Wapo wanaomtetea kwa kusema hakupenda kuchora adui kabisa, na hilo lina ukweli. Kwa desturi aliepuka kuonyesha watu wakiuana ana kwa ana, na alisema wazi kwamba kuchora pambano kulikuwa kinyume na kanuni yake. Katika picha ya Quatre Bras Wafaransa nao hawapewi nafasi kubwa. Lakini mtazamaji wa London alimjua Mfaransa. Alikuwa amesoma vitabu vyake na kuonja mvinyo wake. Mzulu hakumjua ila kupitia jukwaa la Westminster na magazeti. Giza lile lile linalomfunika Mfaransa bila madhara, likimfunika Mzulu linamfuta.

Je, angeweza kufanya vingine?

Ningekuwa mpole zaidi kama jibu lingekuwa hapana. Usafiri ulikuwa mgumu, picha ilikuwa na muda, na mwanamke wa 1880 hakujipangia safari ya Zululand kwa urahisi. Mfaransa Alphonse de Neuville, aliyechora tukio hilo hilo mwaka huo huo, naye hakwenda. Alitegemea taarifa na maelezo ya Waingereza, na picha yake, ambayo sasa iko Sydney, ina tatizo la aina hiyo hiyo.

Lakini wapo waliowaona Wazulu. Charles Edwin Fripp, mchoraji wa gazeti la The Graphic, alifika Zululand mwaka 1879 na kuchora huko huko vitani. Mume wa Lady Butler mwenyewe alikuwa ofisa huko Natal mwaka huo, tena mtu asiye mwepesi wa kushangilia vita vya himaya. Mwaka 1899 aliacha ukamanda wake huko Cape kwa kupinga mwendo wa kuelekea vita na Makaburu.

Na kuna mfano ulio karibu zaidi na Malkia. Mwaka 1882 Cetshwayo, akiwa mfalme aliyeshindwa na kuhamishwa, alifika Uingereza kudai nchi yake, akapokewa na Malkia huko Osborne. Malkia aliagiza achorwe, na Carl Rudolph Sohn akamchora akiwa amekaa mbele yake. Kwa hiyo hazina ile ile inayohifadhi usiku wa Rorke's Drift ina uso wa Mzulu uliotazamwa kwa utulivu: mtu mwenye jina, uzito na huzuni yake. Ilichukua miaka miwili tu na mtu kukubali kuketi.

Lady Butler mwenyewe alitoa jibu kali kuliko langu. Alipokuwa akiishi Ireland alisikia kwamba kuna familia inafukuzwa kwenye nyumba yao karibu na Glendalough, Wicklow. Alikwenda. Alikuta nyumba imebomolewa, moshi bado unatoka, na mwanamke aliyefukuzwa yuko pale. Akachora hapo hapo. Picha iliyotokana na michoro hiyo ilionyeshwa Royal Academy mwaka 1890: mwanamke mmoja amesimama katikati, kichwa juu, nyumba imekuwa kifusi nyuma yake, na waliomfukuza wanaondoka kwa mbali, wadogo. Katika picha hii wenye nguvu ndio walio ukingoni. Waziri Mkuu Lord Salisbury aliifanyia mzaha kwenye karamu ya ufunguzi, na haikupata mnunuzi. Leo iko chuo kikuu mjini Dublin.

Hiyo inatosha kuonyesha kwamba mkono uleule ulijua kumchora aliyeonewa kama ulivyojua kumchora askari wa Kikosi cha 24. Wicklow alifika mahali penyewe na kumkuta mtu mwenyewe. Portsmouth alikuta walioshinda, wamevaa sare, wameshapangwa na maofisa wao. Anayetaka kuitathmini picha ya Rorke's Drift aanzie hapo, kwenye penseli na orodha ya waliosimama, kabla hajafika kwenye rangi.